Chumvi Niliionja Mimi Kwanza

Baba,

Shikamoo.

Nimeliandika neno hilo halafu nikanyanyua kalamu, nikangoja, kama nilivyokuwa nangoja mlangoni kila asubuhi mpaka uikohoe marahaba yako. Basi nimejiitikia mwenyewe ili tuendelee.

Hapa Mshangano tu wazima. Mama anakula, ingawa magoti yanamsumbua baridi ikizidi. Mbuzi mweusi amezaa pacha. Mvua zimeshika vizuri mwaka huu na mahindi ya shamba la juu yananipita kimo. Nimeanza na habari njema kwa sababu nilifundishwa adabu, na aliyenifundisha ni wewe. Sasa naja kwenye lile lililonifanya nitafute karatasi: jembe lako liko kwa Zuhura.

Ndiyo, lile lile lenye mpini uliouchonga mwenyewe, ambalo mimi sikuruhusiwa hata kulichimbia shimo la takataka. Liko Bombambili, kwenye chumba alichopanga bibi shamba wako, mtu aliyekuja kutoka Tunduru na begi lake moja na pikipiki ya serikali. Nadhani amelisimamisha nyuma ya mlango. Nikipita barabara ile kwenda sokoni nageuza uso upande wa pili, nisije nikaliona.

Nina wivu, Baba. Nakuambia wazi kwa kuwa huwezi tena kunikatiza. Nina wivu ambao ukinipata naacha kula, na Mama akiniuliza nasema tumbo.

Ulizaa mtoto mmoja tu, na watu walikusema kwa hilo, ukanyamaza. Mimi nilifaidi. Sikuwahi kugawana na mtu firigisi ya kuku, wala mgongo wako tulipovuka mto, wala lile neno lako 'mwanangu'. Nilidhani mambo hayo yana mwenyewe. Kumbe nikawa mtu mzima, nikaolewa, nikarudishwa nyumbani na sanduku langu kwa sababu sikushika mimba, na hapo ndipo ukaniletea mdogo wangu. Amevaa mabuti ya mpira na ana cheti cha kilimo.

Nakumbuka siku ya kwanza alipokuja. Alipiga magoti kukusalimia, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri ile. Nikajua papo hapo kwamba umekwisha. Akasema wameletewa mradi wa serikali wa kuwasaidia wakulima wa ukingo wetu wote, kwa sababu maji ya mto yamekuwa na chumvi na watu wa chini, mto unakoelekea, wanalalamika, miche yao inaungua ncha. Akaeleza kwamba chumvi ile inatoka kwetu sisi tunaomwagilia. Tunafungulia mfereji asubuhi na jioni kwa mazoea, maji yanapanda, jua linayanywa, ule weupe unabaki juu ya udongo, na yanayozidi yanauchukua kurudi nao mtoni. Serikali ingetoa saruji ya kujengea mfereji, jasi ya kumwaga shambani kuondoa chumvi, na mipira ya kumwagilia kwa matone. Sisi tungetoa nguvu zetu: kuchimba mtaro wa kukusanya maji yenye chumvi, yaishie kwenye bwawa la matete yasirudi mtoni.

Ulimsikiliza mpaka mwisho. Hukumkatiza hata mara moja. Ukaniita mimi niliyekuwa nachambua maharage pembeni, ukasema, "Otilia, mletee mgeni chai." Na Mama akaingia ndani akatoka na kikombe cha padri.

Kikombe cha padri, Baba. Kile chenye maua ya bluu, ambacho tangu nizaliwe kimenywewa na mapadri na katekista mmoja alipokuwa anaumwa. Mimi nilikiosha tu. Tangu siku ile kikawa cha Zuhura. Yeye Mwislamu, hajui hata kwamba ni cha padri. Anakiacha juani na tangawizi imekauka chini.

Lakini kikombe ningekimeza. Kilichonikaa kooni ni kwamba yote aliyoyasema siku ile, nilikuwa nimekwisha kukuambia mimi.

Unakumbuka, usijifanye hukumbuki. Ilikuwa kiangazi, miaka kabla ya Zuhura. Nilikuwa nimerudi kutoka kwa mume, sijapata hata usingizi wa kueleweka, nikawa nashinda bondeni na matuta ya mchicha maana matuta hayaulizi maswali. Nikaona unga mweupe pembeni mwa tuta, kama mtu amepepetea sembe pale. Nikaufuta kesho yake, ukarudi. Nikachovya kidole nikaonja. Ilikuwa chumvi chungu, yenye ukakasi. Nikaenda mpaka pale maji yetu yanapomwagikia mtoni, nikaonja na maji. Yalikuwa na ladha ile ile, nyepesi.

Nikakufuata mbio kwa furaha, kama mtoto aliyeokota kitu. Ulikuwa umekaa na wenzako kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi, pale njiani. Nilipaswa kungoja urudi nyumbani, lakini nilikuwa na jambo. Nikakuambia mbele yao: Baba, udongo wetu umeota chumvi, nimeuonja, na mtoni inaingia.

Wenzako wakanitazama. Na wewe ukacheka, ukainua kikombe chako cha ulanzi, ukawaambia:

"Jamani, binti yangu anakula udongo. Nitafutieni baba wa mtoto."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Ndiyo, tunajua wote mwanamke anayekula udongo ana nini tumboni. Ulikuwa utani mzuri kwa binti mwingine yeyote wa Songea. Mimi nilikuwa nimerudishwa kwa sababu tumbo langu halikukaa na kitu. Jioni ile habari ilikuwa imefika nyumba ya mwisho ya Mshangano, na jirani mmoja, mtu mwema kabisa, aliniletea udongo wa kichuguu kwenye mfuko, akanipongeza kwa sauti ya chini.

Niliupokea.

Hukulitaja tena. Mimi nikalifungia. Nikaendelea kufungulia maji asubuhi na jioni kama ulivyotaka, na ule weupe ukaendelea kupanda, mwaka hadi mwaka, mpaka mchicha ukawa unatoka na ncha zilizoungua, nawe ukasema ni mbegu mbovu za siku hizi. Kisha akaja mtoto wa watu kutoka Tunduru akasema neno lile lile, kwa Kiswahili cha darasani, ukaitisha mkutano wa wakulima wote. Ulisimama mbele yao ukasema, "Mwanangu hapa atatueleza." Nikageuza kichwa nikidhani ni mimi.

Hapo ndipo wivu ulipoanza, na sijauona mwisho wake.

Mwaka ule mkachimba mtaro. Wewe na yeye. Kwa sababu shamba letu la bondeni ndilo la chini kuliko yote, mitaro ya wenzetu wote ilikuja kukutana kwetu, na wewe ukakubali bila kinyongo ukanda wetu mnono kuliko wote uwe njia ya maji ya watu. Wewe uliyewahi kupelekana kwa balozi wa nyumba kumi kwa sababu jogoo wa jirani alikanyaga mche wa nyanya! Nilikuwa nawaletea ugali na mboga ya likolo, nawakuta mmesimama mtaroni mpaka viunoni, yeye anakuuliza, wewe unamjibu, mnacheka. Akikuita baba unaitika. Ulikuwa unamkabidhi jembe ashike kidogo upate kupumzika. Mimi nikishuka kusaidia unasema, "Wewe kapumzike, umechoka na mambo ya nyumbani." Nilijua maana yake. Maana yake ni nenda.

Kisha kiharusi kikakuangusha kwenye matuta, mchana, mvua zikiwa bado hazijaanza.

Ngoja nikuambie juu ya msiba wako kwa kuwa ulikuwa umelala. Watu walijaa. Kwaya ilikuja. Na Zuhura alilia, Baba. Mimi nilikuwa nimejikaza kisabuni kwa ajili ya Mama, nimekaa kwenye mkeka kimya, na yeye akaingia amejifunga khanga mbili akalia kama mtu aliyechomwa. Wanawake wa jumuiya walinipita mimi wakaenda kumshika. Mzee mmoja kutoka Ruhuwiko, ambaye hajatuona siku nyingi, alimpa mkono kwanza akamwambia pole sana mwanangu kwa kufiwa na baba. Kisha akaja kwangu akaniuliza mimi ni nani wa marehemu.

Nilimjibu kwamba mimi ni jirani. Naam, nilisema hivyo. Alinipa pole ya jirani.

Siku ya kuondoa matanga wazee wakakaa kugawa vitu vyako. Baba mdogo Fabiani ndiye aliyesimamia, unavyomjua, amevaa koti lako hata kabla halijagawiwa. Mimi nilikuwa jikoni na masufuria, nimetega sikio. Baiskeli ikaenda kwa mjomba. Blanketi kwa Mama. Shamba la bondeni likabaki kwangu, hilo lilisemwa haraka na hakuna aliyepinga. Redio ikaja kwangu pia, ile inayoshika stesheni moja mpaka uipige kofi. Kisha Baba mdogo akanyanyua jembe, akalishika kwa mikono miwili, akasema:

"Jembe la mtu huenda kwa mtoto aliyelima naye mwisho. Bibi shamba, njoo upokee."

Nikasikia watu wanasema ndiyo, ndiyo, haki kabisa. Nikachungulia. Zuhura alikuwa anasitasita, anatazama huku na huku, lakini kitu cha marehemu hakikataliwi mbele ya wazee. Akapiga magoti akapokea. Nikamwaga maji ya moto kwenye majivu, mvuke ukanificha.

Basi nikawa na shamba lisilo na jembe.

Nilikaa na donge hilo mpaka Baba mdogo alipokuja na shauri lake. Alisema ule ukanda wa mtaro ni udongo uliolala bure. Tukifukia, tukapanda mahindi, tutavuna mpaka tuite watu. Alikuwa na mbegu tayari. Nilimuuliza, na maji ya wenzetu yatapita wapi? Akasema yatapita yalipokuwa yanapita zamani, mtoni, mto si wa mtu. Nilijua vizuri maana ya jambo hilo. Mtaro ukizibwa kwetu, chumvi ya ukingo mzima inarudi kwa watu wa chini, na mradi nao unafungasha virago, kwa kuwa ile mipira ya matone wenzetu waliyoahidiwa ilikuwa haijaletwa bado na masharti yalikuwa mtaro uwe wazi. Nilijua yote hayo. Nikamwambia sawa, tufukie.

Usinitazame hivyo. Sikutaka mahindi. Nilitaka kitu mlichokifanya wawili kisiwepo.

Sikumngoja hata Baba mdogo. Asubuhi yake niliazima jembe kwa jirani, nikashuka bondeni peke yangu, nikaanza kuangushia udongo mtaroni. Ilikuwa kazi tamu, siwezi kukuficha. Kila pande lililoanguka lilinipoza. Nilikuwa nimekwisha ziba sehemu ya kunitosha kuvuka bila kuruka niliposikia pikipiki.

Alikuwa Zuhura, amelifunga jembe lako kwa mpira nyuma ya kiti. Alikuja kusafisha mtaro kabla ya mvua, kama mlivyopatana, na hakuniambia kwa sababu siku zile nilikuwa namjibu kwa kichwa tu. Aliteremka, akaona nilichofanya. Nilisimama pale nikamngoja anitishe na serikali yake. Nilikuwa na majibu tayari: shamba ni langu, nimeachiwa na baba yangu, baba yangu mimi.

Hakunitisha. Alikaa ukingoni na mabuti yake, jembe mapajani. Kisha akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Dada Otilia, baba siku ile ya kwanza alinileta hapa kabla ya kunipeleka kwa mtu yeyote. Akachota ule weupe kwa kidole. Akaniambia, huu mwanangu aliuonja zamani, kabla yako wewe na kabla ya serikali. Akasema, nami nikamtania mtoto wangu kwa jambo lisilotaniwa, na tangu siku ile nashindwa kumtazama usoni."

Nilimuuliza kama ulimwambia kwa nini hukunijia mimi.

"Nilimwambia aje kwako, wallahi. Kila tukichimba nilimwambia. Akasema, mvua zikianza nitakaa naye. Mvua zikianza mtu hana pa kwenda, atanisikiliza."

Baba.

Baba, umekufa kabla ya mvua.

Nitakuambia nilichohisi, na usitegemee kitu kizuri. Nilihisi wivu. Watu wengine wangelia kwa kusamehe, mimi nilisimama bondeni na jembe la kuazima nikaona wivu mpaka masikio yakawaka moto. Maana hata samahani yangu ulimpa yeye. Jembe, kikombe, lile neno 'mwanangu', yote hayo ningeyaacha yaende. Lakini samahani ile ilikuwa yangu. Ilikuwa na jina langu, na ukamwekea mtu mwingine mdomoni, akaibeba muda wote huo kwenye pikipiki yake, Bombambili na Mshangano, Mshangano na Bombambili, na mimi napita naye njiani namjibu kwa kichwa.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unakuja jikoni. Mwaka ule wa mwisho ulikuwa unakuja mlangoni pa jiko jioni, unasimama na kofia mkononi, wewe ambaye jikoni hukuwa unakanyaga. Unatazama moto. Unasogeza kuni kwa mguu, unasema, "Kuni hizi mbichi." Unakaa kidogo, unaondoka. Nilikuwa nasonya ukishageuka. Nilidhani unakagua. Kuni zilikuwa kavu, Baba. Nilikuwa nazichagua mwenyewe. Ningejua, ningekusogezea kigoda.

Zuhura akanyanyuka akaninyooshea jembe lako. Akasema lilikuwa langu tangu siku ile, alishindwa tu kulikataa mbele ya wazee, na alikuwa hajui aanzeje kunijia na mimi nimenuna.

Nililitaka, na mikono ilikwisha kunyooka. Halafu nikaona mpini, pale viganja vyako vilipoulainisha, na pembeni pale vidole vyake vidogo vilipoanza kuulainisha upya, na sijui nini kilinipata. Nikamwambia abaki nalo. Lakini nikampa sharti: kila mwaka kabla ya mvua alilete yeye mwenyewe, ashuke nalo mtaroni, nami niwe pale nimwone akitoka jasho. Akadhani natania, akacheka. Sikuwa natania. Nikamwambia aanze leo leo, na akaanza.

Tulichimbua udongo niliouangusha. Ni aibu kuchimbua ulichofukia mwenyewe asubuhi ile ile, mtu anakuangalia. Na huyu mtoto wako hajui kulima, Baba, sijui ulimfundisha nini. Analinyanyua jembe juu kama anataka kuua nyoka. Nilimwonyesha namna ya kuvuta udongo kwa mgongo, kama ulivyonionyesha mimi nikiwa mdogo, na hilo nalo liliniuma, kumpa tena kitu chako kingine kwa mikono yangu. Lakini mtaro ulikuwa unataka kuisha.

Baba mdogo akatukuta na mfuko wake wa mbegu. Alifoka sana. Aliniita kigeugeu, akasema ukoo umeniachia shamba nilime, sikuachiwa njia ya maji ya watu. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikamwambia shamba nililoachiwa mimi ndilo linalopitisha maji, na kama anataka mahindi aje tulime shamba la juu. Amenuna mpaka leo. Koti lako linampwaya, nilitaka ujue.

Mvua zikaanza. Ile ya kwanza kubwa nilisimama bondeni na mwavuli nikaangalia mtaro ukijaa, maji ya kila mtu yanakuja kwetu, yanajikunja pale kwenye kona mliyobishania wewe na Zuhura, halafu yanaingia kwenye matete. Hakuna hata tone lililoruka kwenda mtoni. Nilitaka kukuita uje kuona, nikageuka kabisa kuelekea nyumbani nikakuita. Kisha nikaitazama ile njia nikakumbuka.

Mipira ya matone imeletwa. Wenzetu wote wamepata, na jasi imemwagwa, na mama mmoja wa chini ambaye alikuwa hatusalimii ameniletea kisado cha nyanya akasema miche yake ya safari hii imeshika yote. Nilimpokea. Nilimwambia amshukuru marehemu.

Na sasa jambo la mwisho, lililotokea juzi, ndilo hasa nimekuandikia.

Walikuja wakubwa kutoka mjini kuuona mtaro wetu. Viti vya plastiki viliazimwa, Mama akavaa kitenge chake cha Pasaka. Mkubwa wao akasimama akatoa hotuba, akasema shamba hili litakuwa la mfano, wakulima wa mabonde mengine watakuja kujifunza hapa. Akasema serikali ilileta msaada, lakini msaada bila mwenye macho haufiki mbali. Akasema, na sijui nani alimsimulia, mwenye macho alikuwa marehemu mzee wetu, ambaye ndiye mtu wa kwanza kuigundua chumvi katika ukingo huu, miaka mingi kabla ya wataalamu, kwa kuuonja udongo kwa ulimi wake.

Watu wakapiga makofi. Wale wenzako wa kilabuni walikuwepo, yule aliyepaliwa naye yupo, wamekaa mstari wa mbele na kofia magotini. Sijui kama walikumbuka. Walipiga makofi kama wengine, na mmoja alifuta jicho.

Nilikuwa nimesimama nyuma na ndoo ya maji ya kunywa. Zuhura alikuwa mbele, karibu na mkubwa. Nikamwona anageuka kunitafuta. Nikaona anavuta pumzi, mkono wake unapanda kuomba kusema, na nikajua atakachosema. Atasema samahani bwana mkubwa, aliyeionja kwanza ni dada Otilia, yule pale mwenye ndoo. Na wote wangegeuka. Wale wa kilabuni wangegeuka. Miaka hii yote nilikuwa naisubiri siku hiyo, Baba, nimeipanga kichwani mpaka nguo nitakayovaa.

Nikamtazama Mama. Alikuwa amenyoosha shingo, analia na kucheka, anayapokea makofi yako kwa mikono miwili. Nikamtingishia Zuhura kichwa. Hakuelewa. Nikamtingishia tena, nikamkazia macho. Akashusha mkono.

Basi nimekuachia sifa hiyo. Imeandikwa kwako, imesemwa kwako, na watakaokuja kujifunza wataambiwa ni wewe, na mimi ndiye nitakayewaambia, nimekwisha ombwa. Mtaro wako sitauziba, nakuahidi. Kila mwaka kabla ya mvua utasafishwa, na jembe lako litakuwepo, hata nikiudhika na aliyelishika. Nitaudhika, hilo nalo nakuahidi. Kikombe cha padri nimemwambia Mama amwachie tu. Samahani yako imefika, imechelewa na imepitia kwa mtu, lakini imefika, na nimeipokea. Kigoda nimekiweka pale mlangoni pa jiko. Hakuna anayekikalia.

Pumzika sasa, Baba. Mungu akulaze mahali penye maji matamu.

Ila huko uliko, wakikusifu, usijisahau. Wewe na mimi tunajua. Chumvi niliionja mimi kwanza.

Mwanao uliyemzaa,
Otilia